Mto Uliokuwa Mlango: Hotuba juu ya Kingo za Maji za Ngara na Biharamulo



Katika sikukuu ya yubile watu huhesabu miaka. Twahesabu miaka ya makanisa, ya shule na ya hospitali, na kuhesabu hivyo ni jambo jema. Walakini kuna kitu cha kale kuliko majengo yetu yote, ambacho hatukihesabii miaka, nacho ni maji yanayoizunguka nchi hii. Leo twataka kusimulia habari za kweli za kingo za maji hayo, na neno letu ni moja tu. Ramani husema kwamba mto ni mpaka. Lakini habari za watu waliokaa hapa zaonyesha kwamba mto wetu umekuwa mlango, na kila kizazi kilichokaa kandokando yake kimeulizwa swali lile lile: Utamfanyia nini mtu aliyevuka?

Kwanza tuitazame nchi yenyewe. Sisi hatukai kando ya bahari, lakini pwani tunayo. Upande wa mashariki wilaya ya Biharamulo ilifika hata Ziwa Victoria, mpaka Chato ilipotengwa kuwa wilaya peke yake mwaka 2005. Na kule Nyamirembe ndiko meli za ziwani zilikotia nanga. Upande wa magharibi, katika milima ya mawe na mabonde yenye kina ya Ngara, iko mito miwili. Ruvubu hutoka Burundi, na Nyabarongo hutoka Rwanda. Nayo hukutana karibu na maporomoko ya Rusumo, na maji yaliyokutana ndiyo tunayoyaita Kagera. Maporomoko yenyewe si marefu, yapata mita 15 tu. Lakini hapo maji ya nchi mbili hubanwa katika mwanya mmoja wa mawe. Penginepo mto hujitandaza katika mabwawa ya mafunjo, ambamo mtu hawezi kutembea kwa miguu wala kupiga kasia kwa urahisi. Kutoka Rusumo Kagera hushika njia ya kaskazini, kisha hupinda mashariki, hata kuingia ziwani katika nchi ya Uganda. Ruvubu huhesabiwa miongoni mwa vyanzo vya mbali kabisa vya Mto Nile. Basi maji yanayopita chini ya milima yetu ndiyo yafikayo Misri.

Katika nchi hii wamekaa Wahangaza wa Bugufi, Washubi wa Bushubi, Wasubi wa Rusubi, na Wazinza wa upande wa ziwa. Kihangaza na Kirundi ni lugha zinazokaribiana sana, hata mtu wa ng'ambo hii na mtu wa ng'ambo ile husikizana bila mkalimani. Jambo hilo peke yake ni ushahidi, maana watu wasioendeana hawawezi kusikizana hivyo.

Habari ya kwanza ni ya mwaka 1861. Mwaka huo Waingereza wawili, John Hanning Speke na James Grant, walikuwa wakitafuta chanzo cha Nile, na safari yao ikapita Uzinza na Rusubi, nchi ambayo wafanya biashara waliiita Usui. Mkalimani wao alikuwa Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyetekwa utumwani alipokuwa mtoto, akapelekwa India, kisha akarudi Afrika akiwa mtu huru. Mtawala wa Rusubi wakati ule aliitwa Suwarora. Speke hakupata kuuona uso wake. Aliwaona wajumbe wake tu, nao walidai hongo ya nguo, shanga na masango ya shaba. Hongo ilipokwisha kupatana, ngoma ilipigwa, ili watu wote wajue kwamba mgeni amepewa njia. Ndipo msafara ukaendelea mpaka Karagwe kwa Rumanika, aliyewapokea kwa ukarimu mwingi.

Speke alilalamika sana katika kitabu chake juu ya hongo ile, na waliosoma kitabu hicho Ulaya walimhukumu Suwarora kuwa mtu wa tamaa tu. Hatusemi kwamba tamaa haikuwako. Hongo ilikuwa nzito kweli. Lakini na tuitazame habari hii kwa macho ya mwenye nyumba. Msafara wenye bunduki na wapagazi wengi ukija mlangoni pako, je, hutauliza waenda wapi, na kwa nini? Suwarora alikuwa bawabu wa nchi yake, na kwa bawabu mgeni alipita kwa kanuni iliyojulikana na wote. Wala Rumanika, aliyewafungulia mlango kwa furaha, hakumwondolea Suwarora haki ya kuuliza. Tukumbuke mambo hayo mawili pamoja, maana tutayahitaji mbele.

Baada ya miaka 33 bawabu alikuwa amedhoofika. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 sotoka ilipita katika Afrika ya Mashariki, ikaua ng'ombe wengi mno, na mahali pengi baada ya sotoka ikaja njaa na ndui. Mwezi wa Mei 1894 Mjerumani mmoja, Gustav Adolf von Götzen, alifika Rusumo akavuka kuingia Rwanda, akamwona Mwami Kigeli Rwabugiri. Huyu hakuja kuomba njia kama walivyoomba wale wa kwanza. Alikuja kutazama nchi ambayo wakubwa wa Ulaya walikwisha kuigawanya katika karatasi zao. Baadaye, tangu 1901 hata 1906, alikuwa gavana wa nchi yote ya Wajerumani ya Afrika ya Mashariki. Na mwanzoni mwa karne ile Wajerumani, ambao wazee wetu waliwaita Wadachi, walijenga boma la Biharamulo, ambalo kuta zake zingali zimesimama.

Vita Kuu ya kwanza ilipofika, mlango ulisukumwa kutoka upande wa pili. Majeshi ya Wabelgiji yalitoka Kongo, yakaingia Rwanda mwezi wa Aprili 1916. Mwezi wa Juni yalikuwa Biharamulo, na mwezi wa Septemba yakautwaa mji wa Tabora. Majeshi ya siku zile yalikwenda kwa vichwa vya wapagazi, na wapagazi walitwaliwa vijijini. Ndiyo sababu vita vya watu wa mbali vilikula watu wa hapa.

Vita vilipokwisha, wenye kushinda wakakaa mezani. Tarehe 30 Mei 1919 Waingereza na Wabelgiji walipatana: Rwanda na Burundi zikawa za Wabelgiji, na Tanganyika ikawa ya Waingereza. Lakini kalamu yao haikuufuata mto kila mahali. Waingereza walitaka kipande cha Rwanda kilicho magharibi ya Kagera, nacho ni Gisaka, wapate kupitisha reli ya kwenda Uganda. Ikawa nchi moja imekatwa vipande viwili, na watu wa Gisaka wametengwa na mwami wao. Askofu Léon Classe wa Rwanda alikuwa miongoni mwa waliolipigia kelele jambo hilo, na mashauri yakabadilishwa: mwanzoni mwa mwaka 1924 Gisaka ikarudishwa Rwanda, na Kagera ikawa mpaka.

Lakini Bugufi haikurudishwa. Bugufi ilikuwa chini ya wafalme wa Burundi tangu zamani. Nayo ilibaki Tanganyika, na ndiyo sasa sehemu ya wilaya ya Ngara. Basi wengi wetu tulio hapa tu Watanzania kwa sababu ya meza ile ya mwaka 1919. Hatulisemi jambo hili kwa kunung'unika, maana Tanzania ni nchi yetu, nasi twaipenda. Twalisema ili mtu anapomwita jirani wa ng'ambo mgeni, akumbuke kwamba babu yake na babu wa jirani huyo walipeleka kodi kwa mfalme mmoja.

Wakati watu walipokuwa wakigawana mito, adui mwingine alikuwa akienea asiyejali ramani, naye ni mbung'o. Njia yake ilikuwa hii: ng'ombe walipokufa na watu walipopungua, mashamba na malisho yaligeuka kuwa pori, wanyama wa mwitu wakaongezeka, na mbung'o wakawafuata, na mbung'o walipowauma watu, wakaleta malale. Katika miaka ya 1930 serikali iliwakusanya watu wa Biharamulo waliokaa mbalimbali, ikawaweka katika makao ya pamoja ambayo pori lake lilifyekwa, ili mbung'o wasiwafikie. Ugonjwa ulipigwa vita hivyo. Lakini watu waliacha mashamba ya baba zao na makaburi yao, na pori likayafunika. Baadaye mapori makubwa ya nchi hii yakawekwa kuwa hifadhi za wanyama. Na mwaka 2019 mapori ya Biharamulo, Burigi na Kimisi yaliunganishwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato. Waalimu, mkiwapeleka watoto kuwatazama wanyama huko, waambieni na habari hii, wasije wakadhani kwamba nchi ya pori haikukaliwa na mtu tangu kuumbwa kwake.

Nchi iliyopungukiwa na watu ilikuwa na nafasi ya kupokea wengine, nao walikuja. Tangu mwaka 1959, machafuko yalipoanza Rwanda, Watutsi wengi walikimbia makwao, na baadhi yao walipewa ardhi ya kukaa Muyenzi, katika wilaya ya Ngara. Mithali yasema: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Watu wale walipewa jembe kweli. Walilima, wakasomesha watoto, na mwaka 1980 serikali ya Tanzania ikawapa maelfu ya Wanyarwanda uraia wa nchi hii. Kutoka Burundi nako watu walivuka katika mauaji ya mwaka 1972, na tena mwishoni mwa mwaka 1993, baada ya kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye.

Sasa tumefika mwaka 1994. Habari zake ni nzito, lakini hatuna budi kuzisema wazi, kwa sababu nusu ya wasikilizaji wetu hawakuwa wamezaliwa.

Tangu tarehe 7 Aprili mwaka huo Watutsi wa Rwanda walianza kuuawa, wakubwa kwa wadogo, pamoja na Wahutu waliokataa mauaji. Ng'ambo ya Rusumo, katika kanisa la Nyarubuye, maelfu waliokimbilia nyumba ya Mungu waliuawa katikati ya mwezi. Maiti zilitupwa mitoni, na Kagera ikazichukua, zikapita maporomoko ya Rusumo, zikaenda hata Ziwa Victoria. Wavuvi wa Uganda walizitoa majini kwa maelfu na kuzizika. Makaburi yao yako Kasensero, Lambu na Ggolo, na mtu aweza kwenda kuyaona. Watu waliouawa katika vilima tunavyoviona kutoka hapa walizikwa na wavuvi wasiowajua majina, katika nchi ya tatu. Tusiwasahau wavuvi wale.

Kisha, tarehe 28 na 29 Aprili, jeshi la RPF lilipokuwa likikaribia, umati ulivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara. Hesabu iliyotangazwa siku zile ilikuwa watu wapatao 250,000 katika muda wa saa 24. Wilaya nzima ya Ngara haikuwa na watu 200,000 katika sensa ya 1988. Mfikiri, ndugu zetu, mtu alalaye na jamaa yake nyumbani, akiamka asubuhi amezungukwa na wageni kuliko jamaa. Askari wa Tanzania waliwaamuru waliovuka kuweka silaha chini, na mapanga, mikuki na marungu yakalala chungu chungu kando ya njia. Juu ya daraja walio hai walivuka, na chini ya daraja wafu walipita.

Wengi waliovuka walikuwa watu wa kawaida, wanawake na watoto na wazee, waliokimbia kwa hofu. Lakini baadhi yao walikuwa wenye damu mikononi. Sylvestre Gacumbitsi, aliyekuwa mkuu wa wilaya ya Rusumo ng'ambo ile, alivuka pamoja nao akakaa katika kambi ya Benaco kama kiongozi. Alikamatwa mwaka 2001 katika kambi moja ya Kigoma, na Mahakama ya Kimataifa iliyokaa Arusha ikamtia hatiani mwaka 2004 kwa mauaji ya kimbari. Katika rufani ya mwaka 2006 akahukumiwa kifungo cha maisha. Hapa ndipo tunapomkumbuka Suwarora. Mlango huhitaji Rumanika wa kumlisha mwenye njaa, na pia huhitaji bawabu wa kuuliza. Mwaka 1994 watu walilishwa kwa wingi na kuulizwa kidogo, na wauaji wakapata nafasi ya kuwatawala watu wao kambini kama walivyowatawala nyumbani.

Benaco ilisemwa wakati ule kuwa kambi kubwa kuliko zote duniani. Kisha zikaongezwa Lumasi, Musuhura, na nyinginezo. Wenyeji walipata faida na hasara pamoja. Wengine walipata kazi na soko la ndizi zao, barabara zikatengenezwa. Lakini miti ya milimani ilikatwa kwa kuni, visima vikachotwa mpaka matope, mashamba yakavunwa usiku na wasiolima, na mama mgonjwa alipofika hospitali alikuta safu ya watu isiyo na mwisho. Tusiwasifu wenyeji kana kwamba walikuwa malaika. Wako walionung'unika, na walikuwa na sababu. Walakini katika juma lile la kwanza, kabla ya malori ya chakula kufika ya kutosha, palikuwa na watu wa Ngara waliofungua milango yao. Nao wangali hai, mmeketi nao katika viti hivi.

Ukarimu ulichoka, kama kila mzigo uchoshavyo. Tarehe 31 Machi 1995 Tanzania iliufunga mpaka wake na Burundi. Mwezi wa Desemba 1996 serikali iliwaamuru wakimbizi wa Rwanda wawe wamerudi kwao kabla ya mwaka kwisha. Wengi walijaribu kukimbilia ndani zaidi ya Tanzania, lakini askari wakawageuza; na katika mwezi ule karibu nusu milioni walivuka tena daraja lile lile, wengine kwa kupenda kwao na wengine kwa kusukumwa. Kati ya mambo yaliyotendeka hapa mwaka 1994 na yaliyotendeka mwaka 1996, watoto wetu yafaa wayajue yote mawili. Taifa lisilowafundisha watoto ila sifa zake ni kama mwalimu asahihishaye hesabu kwa kuandika vema kila mahali.

Leo daraja la zamani limepata jingine jipya kando yake, na kituo cha pamoja cha mpaka kilizinduliwa mwaka 2016 na marais wa Tanzania na Rwanda. Malori ya Dar es Salaam hupita Rusumo yakienda Kigali. Tena kwenye maporomoko umejengwa mtambo wa umeme wa megawati 80, na umeme wake hugawanywa sawasawa kwa Tanzania, Rwanda na Burundi. Maji yaliyochukua maiti mwaka 1994 sasa huwasha taa katika nchi tatu. Hatudai kwamba taa hulipa deni la wafu. Twasema kwamba majirani wamepata kitu cha kushika pamoja, na mwenye kushika pamoja na jirani hupima kabla ya kugombana naye.

Sasa twageukia ninyi waalimu na wazee wa parokia, maana hotuba isiyoacha kazi hupita kama upepo. Kijana aliyekuwa na miaka 20 alipoona umati wa Rusumo amekwisha kupita miaka 50. Aliyekuwa na miaka 50 siku ile, akiwa hai, ni mzee sana. Waliohamishwa kwa malale karibu wote wamekwisha kufa, na habari zao nyingi wamekwenda nazo. Yatupasa tufanye mambo matatu.

La kwanza, kila shule iwatume wanafunzi wa madarasa ya juu kwa wazee wa vijiji vyao na daftari, waandike yale mzee aliyoyaona kwa macho yake, na kuyatenga na yale aliyoyasikia kwa wengine. Mwaka, mahali na jambo vitoshe; maneno ya kupamba yaachwe.

La pili, wasiulizwe wanaume peke yao. Waliochota maji katika kisima kimoja na wakimbizi, waliogawana nao unga na kuni, na waliozalishana nao usiku, walikuwa wanawake. Habari ya mlango yajulikana zaidi na anayekaa karibu na mlango.

La tatu, maandiko hayo yakiwa na jina la mtu aliye hai, anayesemwa kwa uovu usiothibitishwa na mahakama, jina lisitangazwe. Twataka kuhifadhi ukweli, hatutaki kuwasha moto wa kisasi katika vijiji ambavyo watu wa makabila na nchi mbalimbali wanakaa, wanaoana na kuzikana.

Ndugu wapenzi, mto hautaondoka mahali pake, na majirani zetu hawataondoka ng'ambo. Siku nyingine watu watavuka tena, sisi kwenda kwao au wao kuja kwetu, maana hakuna nchi iliyopewa ahadi ya amani ya milele. Siku hiyo watoto wetu watasimama pale Rusumo na kuulizwa swali tulilolitaja mwanzo. Kwa hiyo daftari zianze kuandikwa kabla ya mavuno yajayo, na padre au mwalimu atakayezipokea azitunze mahali pakavu, penye kufuli, pasipo mchwa.